Picha Zilizokaa Juu ya Mafiga

Kilema, Jumatano ya Wiki Kuu, 14 Aprili 1976

Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mlima hatujauona kwa siku tisa. Shule imefungwa kwa Pasaka. Sasa ni saa kumi na moja jioni na bado kuna mwanga wa kutosha dirishani kuandikia.

Nimeharibu kazi ya miaka sita.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi. Bado ipo. Basi niandike yote tangu mwanzo, kama mtu anayeandikisha maelezo polisi, kwa sababu nisipofuata utaratibu sitaweza kukaa kwenye kiti hiki.

Mwalimu Henriki alitufundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao Ulaya, akapata kazi kwenye kituo chenye darubini kubwa. Mimi sikuchaguliwa kwenda kidato cha tano. Nilibaki shuleni kama mtunza maabara, na ndiyo kazi yangu hadi leo: kuosha chupa, kufungua na kufunga kabati. Tuliendelea kuandikiana. Siku moja akaniuliza kama ningependa kumsaidia kutafuta nyota changa zilizo nzito kwenye galaksi jirani na yetu, na kuziorodhesha. Alisema ana picha nyingi na mikono michache, na kwamba hajapata kuona mwanafunzi mwenye subira kama mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Barua ile niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Galaksi yenyewe wao wanaiita Wingu Kubwa. Kwetu huonekana mwanzoni mwa mwaka, kusini, juu ya tambarare ya Mabogini, kama doa la maziwa kwenye kitambaa cheusi. Mama ameiona tangu utotoni na hakupata kuiuliza jina. Nilipomwambia kuwa doa lile ni nyota nyingi kuliko punje za kahawa ya wilaya nzima, alisema, "Basi wako mbali sana na sisi, maskini." Kama anayewasikitikia ndugu waliohamia mahali pasipo na basi.

Nyota nzito huungua upesi. Huwa na joto kali mno, rangi yake ni ya bluu, na huisha kabla nyota za kawaida kama jua letu hazijakua. Kwa hiyo ukiikuta moja, ujue imezaliwa juzi kwa hesabu ya mbinguni, na pale pale ulipoikuta. Ukizijua zilipo, unajua galaksi inazalia wapi.

Namna ya kuzitafuta ni rahisi kueleza. Kila kipande cha anga kina picha mbili. Moja imepigwa kwa kioo cha bluu, nyingine kwa kioo cha njano. Zote zimechapwa kinyume, nyota ni nukta nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Unachukua nukta moja, unaipima unene kwenye picha ya bluu, kisha unaitafuta ile ile kwenye picha ya njano. Ikiwa nene kwenye bluu, na kwenye njano ni nyembamba sana au haipo kabisa, umepata nyota changa. Unaandika mraba wake, safu yake na unene wake mara mbili. Halafu unachukua nukta inayofuata.

Vipande vilikuwa ishirini na vinne. Kila kimoja kilinichukua miezi mitatu, kuanzia saa tisa alasiri ninapotoka shule mpaka jua linapozama, nikiwa na lenzi ya kushika mkononi na utepe wenye nukta tisa za kulinganishia unene, nyembamba kabisa ni moja, nene kabisa ni tisa.

Sikuwahi kuchoka. Hilo nataka liandikwe.

Picha za bluu zilifika kwanza. Niliziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu na likajaa. Za njano zilifika miezi minane baadaye, katikati ya masika kama haya. Nilipima kipande cha kwanza chote wakati za njano zikiwa bado mezani hapa. Nilipomaliza nikaona pembe za karatasi zimeanza kuota ukungu. Sanduku lilikuwa halina nafasi. Kabati la maabara lina mchwa. Mama alisimama hapo mlangoni akaniangalia ninavyohangaika.

"Unatafuta nini na jibu unalo?" alisema. "Peleka darini kwangu, juu ya mafiga. Mbegu ya mahindi inakaa kule mwaka mzima, haioti ukungu, hailiwi na mdudu. Karatasi ina nini cha kuishinda mahindi?"

Sikuona kosa. Nani hapa Kilema angeona kosa? Kila kitu tusichotaka kioze tunakipandisha juu ya moto. Babu yangu aliweka kule hati ya kihamba, shamba letu la urithi. Niliposoma jiografia na kemia na fizikia, hakuna mwalimu aliyesema kwamba dari ya mama ni mahali pabaya. Tulizifunga picha kwa karatasi ya kaki na magome makavu ya mgomba, tukazipandisha. Kila nilipohitaji kipande kipya nilipanda ngazi, nikashusha kimoja, nikarudisha kingine.

Na kila Jumamosi Mama alikuwa akigeuza furushi ili likauke sawasawa pande zote. Hakuna aliyemwambia. Alifanya kwa sababu mbegu hugeuzwa.

Sasa leo.

Nakala safi ya orodha ilikuwa imebaki kurasa mbili. Barua ya Mwalimu Henriki ya mwezi uliopita iko hapa kando: orodha itachapwa kwenye kitabu cha kituo, majina mawili juu yake, lake na langu, na anataka kurasa zote kabla ya mwisho wa Mei. Mwezi wa Juni anastaafu. Ameandika pia kwamba wenzake wamevutiwa na jambo nililoliona mimi, kwamba nyota changa zinaongezeka kipande kwa kipande kuelekea mashariki. Kipande cha kwanza zilikuwa thelathini na saba. Cha mwisho, tisini na moja. Jumla yangu ni elfu moja mia nne na sita.

Ninayo kwenye shajara hii siku niliyoliona jambo hilo. Nimeifungua sasa hivi. Nimeandika, "Leo nimejua zinakozaliwa." Nimepigia mstari mara mbili.

Asubuhi nilikuta tarakimu moja ya kipande cha kwanza imefifia kwenye daftari la mwaka ule, sijui ni tatu au nane. Nikaona afadhali nishushe picha yenyewe nipime upya. Kazi ya dakika mbili. Nilipima. Ilikuwa tatu. Jicho langu likaenda kwenye nukta ya jirani yake, kwa mazoea tu, na kwenye picha ya njano haikuwepo.

Daftari linasema ipo. Mwandiko wangu mwenyewe: bluu tano, njano tano. Nyota ya kawaida, haina lolote.

Nilidhani nimekosea mraba. Nikahesabu tena. Nikachukua nukta nyingine, daftari likasema njano sita, picha ikasema nne. Nyingine, daftari nne, picha hakuna. Nilipima nukta ishirini. Zilizokuwa nene zimekonda, zilizokuwa nyembamba zimetoweka. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka sita: nikatoa picha ya bluu na picha ya njano nikaziweka ubavu kwa ubavu dirishani, siyo kutazama nukta, kutazama karatasi. Ya bluu ni nyeupe. Ya njano imekuwa rangi ya chai. Nililamba kidole nikasugua pembeni mwake, kidole kikatoka hudhurungi.

Miaka yote nilifikiri zilichapwa kwenye karatasi ya aina nyingine.

Moshi wa kuni umekula nyota. Umeanza na zile dhaifu, ukaja kwenye za wastani, mwaka hadi mwaka. Na mimi kila miezi mitatu nilishusha picha iliyoliwa zaidi kuliko iliyotangulia, nikaiweka karibu na ya bluu ambayo haijaguswa, nikaona nukta haipo kwenye njano, nikafurahi, nikaandika: nyota changa.

Galaksi haizalii mashariki. Mashariki ni vipande nilivyopima mwishoni.

Nilikuwa nimekaa hivyo hivyo, kidole hewani, Mzee Paulini alipobisha. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, anapita kutangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, mfereji wetu wa maji, Jumanne baada ya Pasaka. Alikuwa amejifunika gunia kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zimefika ngapi?"

Huuliza hivyo kila akipita. Alishanitangaza hata kwenye mkutano wa kijiji, kwamba vijiji vingine vinahesabu kuku na sisi tunahesabu mbingu.

"Nimesimama kidogo, mzee."

"Usisimame! Siku wakianza kuzigawa kwa kaya, mimi niandikie kumi. Nina wajukuu. Na jembe uje nalo Jumanne, siyo uje na hiyo miwani yako ya kuchungulia."

Alicheka peke yake, akaenda zake, akitukana tope. Nikafunga mlango. Nilitamani arudi aendelee kunitania, kwa sababu mpaka alipogeuka nilikuwa bado mtu aliyehesabu nyota elfu moja mia nne na sita.

Niandike na hili, kwa kuwa daftari hili si la kumdanganya mtu. Kwa muda wa kama saa mbili nilikusudia kuituma orodha hivyo hivyo.

Nililipima jambo hilo kama ninavyopima nukta. Nani atajua? Mwalimu Henriki hatakagua, ananiamini. Akishastaafu hakuna mwingine kule anayejua hata kama mimi, Aloisi, ni mtu mmoja au ni kampuni. Kitabu kitachapwa. Jina langu litakuwa kwenye maktaba nisizoweza hata kuzitamka. Vijana wa shule ninaowaoshea chupa wataonyeshwa. Mama ataonyeshwa. Miaka ikipita, mtu ataelekeza darubini kwenye nyota zangu, akute nyingi ni za kawaida, atasema orodha hii ya zamani ni mbovu. Nitakuwa nimekwisha kufa, au nimezeeka kiasi cha kutojali.

Hata nilimaliza zile kurasa mbili. Mwandiko haukutetemeka. Hilo limenitisha kuliko kosa lenyewe.

Kilichonizuia si uadilifu, nadhani. Ni yule mtu wa darubini. Nilimfikiria, sijui ni nani, labda hajazaliwa, anaomba nafasi ya kutazama, anasubiri miezi, anapewa siku chache, na siku hizo anazitumia kwenye mraba wangu, safu yangu. Anaangalia na anakuta nyota ya kawaida. Anajilaumu yeye. Anafikiri kwamba mashine yake ina kasoro. Nami najua hali ya kukaa na kutazama, najua inavyouma macho na mgongo. Sikuweza kumfanyia hivyo.

Nimechana kurasa mbili zile. Nyingine sikuzichana, nimezipiga mstari wa kalamu nyekundu kutoka pembe hadi pembe, kipande cha pili mpaka cha ishirini na nne.

Kisha barua. Ya kwanza niliandika kwamba picha zimeharibiwa na unyevu. Ya pili, kwamba nadhani zilifika zikiwa na kasoro. Zote ni uongo, na ule wa pili unamtupia mtu mwingine. Ya tatu nimeandika kwamba picha za njano zilihifadhiwa miaka sita juu ya moto wa kuni, kwamba ni mimi niliyekubali zikae huko, na kwamba anachoweza kutumia ni kipande cha kwanza peke yake, kilichopimwa kabla hazijapanda. Sikumtaja Mama.

Lakini ilibidi nimwambie. Kama si hivyo angesikia siku moja kutoka kwangu mwenyewe nikiwa na hasira, na hilo lingekuwa baya zaidi.

Nilimkuta jikoni kwake akimenya ndizi, ng'ombe wake mmoja anatafuna kule nyuma ya ukuta wa mbao. Nilikaa kwenye kigoda. Nilimweleza polepole, bila kulaumu, picha mbili, nukta mbili, moshi. Aliacha kumenya. Alitazama juu, penye furushi, halafu akatazama kisu.

"Mbona hukunusa?" alisema.

"Nini, mama?"

"Ulikuwa unazishika kila siku, unaziinamia pua ikigusa. Hukunusa moshi?"

"Ningenusaje? Nimelala humu mpaka nilipotahiriwa. Shati langu linanuka hivyo. Wewe unanuka hivyo. Padri tu ndiye asiyenuka."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, na kwa dakika moja tulikuwa watu wawili wanaocheka jikoni siku ya mvua. Kisha uso wake ukabadilika akiwa bado hajafunga mdomo. Akainuka, akapanda ngazi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nikawa nashika ngazi na kumwambia aache, aache, haina maana tena. Alilishusha furushi akalipakata mapajani. Akalifuta vumbi kwa kanga.

"Nilikuwa nikiligeuza," alisema.

"Najua, mama."

"Kila Jumamosi."

Nilimshika bega. Mkono wangu ulikuwa bado na wino mwekundu na umeacha alama kwenye blauzi yake, hajaiona.

Akaniuliza zilizobaki ni ngapi. Nikamwambia thelathini na saba. Alirudia namba ile mara mbili, taratibu, kama mtu anayetajiwa idadi ya waliookoka ajalini. Akauliza zile nyingine zimekwenda wapi.

"Hazikwenda popote. Zipo pale pale juu. Mimi tu sijui tena ipi ni changa na ipi ni ya kawaida."

"Basi kuna ubaya gani?" alisema. "Ziko."

Nilitaka kumweleza. Kwamba kuwepo si kitu, kila mtu anaona kwamba zipo, hata yeye aliziona akiwa mtoto. Kazi yangu haikuwa kujua kwamba zipo. Niliacha, kwa sababu alikuwa amerudi kumenya ndizi na kisu chake kilikuwa kinakata ganda pamoja na nyama, na nikaona kuwa swali lile lilikuwa ni yeye kuomba radhi.

Nikamjibu, "Hakuna ubaya, mama."

Huo ndio uongo wa leo, na nimeuacha.

Mwalimu Henriki hawezi kunitumia picha nyingine. Anastaafu, na alishaniandikia kwamba wanaochukua nafasi yake wana mashine inayopima nukta yenyewe, kipande kizima kwa siku moja. Nilipoisoma habari hiyo mwezi uliopita niliona fahari, kwamba mimi nimewahi kabla ya mashine. Sasa najua kwamba hata nikipata picha mpya, hata nikianza kesho na kuzihifadhi ndani ya friji la hospitali, hakuna anayezisubiri.

Nimefunga bahasha. Ndani kuna karatasi moja ya orodha na karatasi mbili za barua. Ni nyepesi mno. Nimeishika mkononi mara kadhaa nikidhani nimesahau kitu.

Juu ya orodha jina langu nimeliandika kwa penseli, na nimemwambia Mwalimu aamue mwenyewe kama thelathini na saba zinatosha kuliweka.

Basi la kwanza linashuka Moshi mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kesho ni Alhamisi Kuu, posta watafunga mapema, kwa hiyo nisichelewe. Nitasimama kwenye foleni, nitabandika stempu, nitarudi kabla ya ibada ya kuoshwa miguu ili nimpeleke Mama kanisani. Mpaka hapo siku ninaiona, saa kwa saa.

Jumanne nitakwenda mfongoni na jembe. Jumatano pia nitapata la kufanya. Halafu shule itafunguliwa, nitaosha chupa, nitafunga kabati, kengele italia, nami nitapanda kilima kurudi nyumbani.

Saa tisa alasiri, nikishakaa kwenye kiti hiki, nitafanya nini na macho haya?